Gari la Mbio Lililoundwa Nyumbani



Wazazi wenzetu, tuanze kwa kukiri kosa letu. Mwanetu wa miaka 14 alitujia usiku mmoja baada ya sala ya Isha, mkononi ana picha ya kigari cha kale kisicho na paa, boneti lake limefungwa kwa ukanda wa ngozi. Akatwambia kuwa wako watu Uingereza wanaounda magari ya mbio kama hayo majumbani mwao, kwa vipuri vya miaka ya 1920 na 1930. Akauliza kama nasi twaweza kujaribu jambo la namna hiyo. Tukamjibu bila hata kuinua macho: "Huo ni upuuzi. Nenda kadurusu." Akaikunja picha yake, akaondoka, na kwa siku nyingi hakutuuliza tena jambo lolote.

Kimya chake kilituuma, nacho ndicho kilichotusukuma kutafuta habari za gari lile. Tuliyoyapata yametufunza, na twapenda kuwashirikisha.

Gari lenyewe huitwa Austin 7, nalo lilitolewa mara ya kwanza mwaka 1922. Hata michoro yake ilianzia nyumbani. Mwenye kiwanda, Sir Herbert Austin, alipoona kuwa wakurugenzi wenzake hawaliafiki wazo la gari dogo, alimchukua mchoraji wa kiwandani aitwaye Stanley Edge, kijana wa miaka 18 tu, wakalichora gari hilo katika chumba cha biliadi cha nyumba yake ya Lickey Grange, karibu na Birmingham. Injini iliyokuja kulipatia sifa ilikuwa na silinda nne na ujazo wa sentimita 747 tu, yaani haikufika hata lita moja. Kufikia mwaka 1939, magari yapatayo 290,000 yalikuwa yamekwisha tengenezwa.

Kwa kuwa lilikuwa jepesi, rahisi na limeenea kila mahali, gari hili lilipochakaa halikuishia jaani. Vijana wenye mifuko mitupu walilinunua kwa bei ndogo, wakaling'oa bodi na kuliunda upya. Mmoja wao alikuwa Colin Chapman, ambaye mwaka 1948 aliunda gari lake la kwanza kutokana na Austin 7 kuukuu, katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, jijini London. Mchumba huyo, Hazel Williams, ndiye aliyemkopesha pauni 25 za kuanzisha kampuni yake mwaka 1952. Kampuni hiyo ndiyo Lotus. Basi kina mama wanaosoma ukurasa huu wasidhani kuwa habari hizi ni za wanaume peke yao.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kwanza bodi ya zamani huondolewa, ikabaki fremu, ambayo umbo lake lafanana na herufi A. Fremu hukwanguliwa kutu na kukaguliwa nyufa, kisha hunyooshwa. Springi hurekebishwa ili gari likae chini zaidi. Injini hufunguliwa kipande kwa kipande, ikasafishwa, ikapimwa na kufungwa upya. Mifupa ya bodi hujengwa kwa mbao, kisha huvishwa bati jepesi la alumini lililokunjwa kwa nyundo na subira. Huenda muda mrefu ukapita kabla injini haijanguruma, na mara nyingi kipuri kimoja tu huisimamisha kazi yote mpaka mwenzio akubali kukuuzia au kukupa.

Hapo pana jambo lililotugusa zaidi, nalo ni uaminifu. Katika injini za awali za gari hili, mhimili unaozungushwa na pistoni ulishikwa kwenye ncha mbili tu. Injini ikikimbizwa sana, mhimili hupinda, na huweza kukatika. Kwa hivyo mafundi wengi huweka mhimili mpya uliotengenezwa siku hizi kwa chuma bora. Halipo kosa katika kufanya hivyo. Kosa ni kuuficha upya huo na kumwambia mnunuzi kuwa kila kitu ni cha asili. Gari lililoundwa upya kwa mtindo wa kale ni halali yake kuitwa hivyo, lakini kuliita gari la mashindano la mwaka 1930 ilhali bodi yake imegongwa mwaka jana ni ghushi, sawa na kuchanganya maji na maziwa. Fundi mwaminifu huandika daftari: hiki ni cha zamani, hiki ni kipya, hiki tumekichonga wenyewe.

Kisa cha pili ni cha Bruce McLaren, aliyezaliwa Auckland, New Zealand, mwaka 1937. Alipokuwa na miaka tisa alipatwa na maradhi ya nyonga, akalazwa muda mrefu katika makao ya watoto wagonjwa, na aliporudi kwao mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe. Baba yake, Les, alikuwa na kituo cha mafuta na gereji. Baba huyo alinunua Austin 7 ya aina ya Ulster ikiwa vipande vipande, na baba na mwana wakaiunganisha pamoja. Kwa gari hilo kijana aliingia shindano lake la kwanza la kupanda kilima mwaka 1952. Miaka saba baadaye, akiwa na umri wa miaka 22, alishinda mbio kuu za Marekani, na mwaka 1963 akaasisi timu inayobeba jina lake hadi leo. Gari lile dogo limehifadhiwa katika makao makuu ya kampuni hiyo huko Woking.

Hatutaficha upande wa pili. McLaren alifariki mwaka 1970, akiwa na miaka 32, alipokuwa akilijaribu gari jipya katika uwanja wa Goodwood. Kasi ni hatari, na magari ya kale yana hatari zaidi. Katika Austin 7 za mwanzo, breki ya mguu ilishika magurudumu ya nyuma tu, na ya mkono ikashika ya mbele. Roho ni amana. Hatumhimizi mtoto yeyote kukimbiza gari, wala mzazi yeyote kutumia karo ya shule kununua vyuma.

Lakini tunalotaka kulisema ni hili: kilichompa nguvu mtoto yule aliyerudi akichechemea ni baba aliyekubali kuinama naye juu ya injini moja. Wana wetu wanaoshinda vijiweni hawakukosa nasaha, kwani nasaha zetu ni nyingi mno. Walichokosa ni mtu mzima wa kushika spana pamoja nao.

Hatuna Austin 7 nyumbani, wala hatuna fedha za kuitafuta. Tuna cherehani ya marehemu mama yetu, iliyokwama kwa miaka mingi. Alhamisi iliyopita tulitandika mkeka uani, tukamwita mwanetu, tukamtaka radhi kwa jibu letu la usiku ule. Alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuleta bisibisi. Tumeifungua yote, na kila kipande tumekiandika daftarini. Bado haijashona hata mshono mmoja. Lakini jana, baada ya Isha, alikuja kutuuliza swali.

Wabillahi tawfiq.