Macho na Afya ya Mstaafu: Pima Ukiwa Bado Mzima



Mtu anapostaafu kwa kawaida hufanyiwa karamu. Mbuzi huchinjwa, zawadi hutolewa, na wakubwa wa kazi husema maneno matamu juu ya utumishi wake. Lakini kuna jambo moja ambalo halisemwi siku hiyo. Mshahara unapokoma, mara nyingi kadi ya matibabu ya mwajiri nayo hukoma. Na hayo hutokea wakati mwili ndio unaingia katika umri wa kumhitaji daktari zaidi. Katika utumishi wa serikali yetu umri wa kustaafu ni miaka 60, baada ya kuongezwa kutoka 55 mwaka wa 2009. Huo ndio umri ambao presha, sukari na magonjwa ya macho huwa tayari yameingia nyumbani kimya kimya, bila kubisha hodi.

Katika makala hii tunataka kusema jambo moja: pima ukiwa bado mzima. Usingoje kuumwa. Tutazungumza sana sana juu ya macho, kwa sababu wazee wengi huyasahau, na kwa sababu kuna upofu ambao ukishaingia hakuna daktari wa kuurudisha.

Jicho likififia, na uhuru unapungua

Wengine husema, "Mimi nimezeeka, nisome nini tena? Macho ya kuona njia ya shamba yanatosha." Hebu tufikiri vizuri. Tuseme mwalimu amestaafu, na pensheni yake inaingia benki, kisha anaitoa kwa simu. Maandishi ya simu ni madogo, hayaoni. Basi anamwita mjukuu na kumwambia ile nambari ya siri. Leo mjukuu ni mwaminifu. Kesho simu iko mikononi mwa rafiki wa mjukuu. Vivyo hivyo na karatasi za shamba. Mtu anakuja na barua akisema, "Mzee, weka sahihi hapa, ni mambo madogo tu." Mzee asiyeona vizuri anaweka sahihi kwa kumwamini aliyemsomea.

Tukiongeza kuanguka usiku, kuchanganya dawa ya asubuhi na ya jioni, na kuogopa kutoka nje peke yake, tunaona kwamba macho si mambo ya kusoma tu. Ni mambo ya mali, ya usalama na ya heshima ya mtu.

Shida nne za macho katika umri huu

1. Macho ya kusoma. Kuanzia miaka 40 hivi, karibu kila mtu huanza kusogeza kitabu mbali ili aone herufi. Huo si ugonjwa. Lenzi ya ndani ya jicho imekuwa ngumu, haijipindi tena kama zamani. Dawa yake ni miwani ya kusomea, basi.

2. Mtoto wa jicho. Hapa lenzi yenyewe inaingia ukungu, kama kioo cha taa ya mafuta kilichojaa moshi. Taa inawaka, lakini mwanga haupiti. Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza kwa kuleta upofu duniani, na hata hapa kwetu Kenya. Habari njema ni kwamba huondolewa kwa upasuaji mdogo. Jicho hutiwa ganzi, lenzi iliyochafuka hutolewa na nyingine ya kutengenezwa kuwekwa. Kwa kawaida kazi hiyo haimalizi hata saa moja, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Wazee wengine bado wanaambiwa, "Ngoja mpaka iive." Hiyo ni habari ya zamani. Siku hizi mtu hupasuliwa pale ukungu unapoanza kumzuia kufanya kazi zake.

3. Presha ya macho, yaani glakoma. Huyu ndiye mwizi wa usiku. Wengi husikia jina hili wakafikiri ni ile presha ya damu, lakini ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na presha nzuri ya damu na huku jicho lake linaharibika. Ndani ya jicho mna maji, na mara nyingi yanapokosa kutoka vizuri, msukumo hupanda na kuumiza mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo. Kwa watu wengi hakuna maumivu wala wekundu. Kuona kwa pembeni ndiko kunakopotea kwanza, polepole, hadi mtu anaona kama anayechungulia kwa bomba. Sehemu iliyopotea hairudi. Dawa za matone, au upasuaji, hulinda ile iliyobaki tu. Ndiyo maana wagonjwa wengine huacha dawa wakisema haiwasaidii, kwa sababu hawaoni vizuri zaidi ya jana. Kumbe kazi ya dawa hiyo ni kukufanya kesho uone kama leo. Glakoma hutembea katika ukoo. Ukiwa nayo, waambie ndugu zako na watoto wako wakapimwe.

4. Macho ya sukari. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Mwanzoni mtu haoni tofauti yoyote. Kila mwenye sukari apimwe nyuma ya jicho siku anapogunduliwa ugonjwa, na baadaye mara moja kila mwaka, hata kama anasoma gazeti bila shida.

Katika hizi nne, mbili za mwisho ndizo zinazotufanya tuseme "pima mapema". Mwenye mtoto wa jicho akichelewa bado kuna matumaini makubwa. Mwenye glakoma akichelewa, kilichopotea kimepotea.

Kipimo cha nyumbani

Jumapili hii ukiwa kanisani, funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza. Tazama ubao wa nambari za nyimbo. Kisha funika la kulia utazame tena. Kuna watu wanaogundua siku hiyo kwamba jicho moja lilikwisha kufa zamani, na lile lingine limekuwa likifanya kazi ya mawili. Ukiona tofauti, usingoje. Lakini hata usipoona tofauti, kipimo hiki hakiwezi kuonyesha glakoma iliyo changa. Hiyo hujulikana kwa mhudumu wa macho mwenye vifaa, anayepima msukumo wa jicho na kutazama ule mshipa wa nyuma.

Baada ya miaka 60, pimwa macho angalau kila baada ya miaka miwili. Ukiwa na sukari, au kama mzazi au ndugu wa tumbo moja ana glakoma, fanya hivyo kila mwaka.

Mambo ya kuacha

Katika Kitabu cha Tobiti tunasoma habari za mzee mwema aliyepofuka. Alipakwa dawa na waganga na hali ikazidi kuwa mbaya, hata mkewe Ana akawa ndiye wa kufuma nguo ili wapate chakula. Mambo hayo hayajaisha. Bado tunaona macho yakitiwa maji ya majani, sukari iliyosagwa, hata mkojo. Vitu hivi huchoma jicho na kuingiza vidonda.

Jihadhari pia na matone ya dukani. Baadhi ya dawa za kutoa wekundu na mwasho zina steroidi. Ukizitumia siku nyingi bila daktari, zinaweza kupandisha msukumo wa jicho na kuleta mtoto wa jicho. Usikope dawa ya macho ya jirani.

Na miwani ya kuuziwa barabarani je? Kama shida ni macho ya kusoma tu, inaweza kukusaidia. Hatari ni kwamba mtu hubadilisha miwani kila mwaka, kutoka dhaifu hadi kali, na huku glakoma inamla. Pimwa kwanza, kisha ununue.

Vipimo vinavyokwenda pamoja na macho

Ukishafika kituoni, usipimwe kitu kimoja tu. Pima presha ya damu. Ikiwa nambari ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, na imepimwa zaidi ya siku moja, hiyo ni presha ya kutibiwa. Pima sukari. Asubuhi kabla ya kula chochote, 7.0 au zaidi ni dalili ya ugonjwa wa sukari na daktari atarudia kipimo kuhakikisha.

Akina mama, msiseme umri wa uzazi umepita basi yameisha. Saratani ya matiti na ya shingo ya kizazi huwapata hata wakubwa. Mama ambaye hajawahi kupimwa amweleze muuguzi bila haya. Nanyi wazee wanaume, anayeamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo, au mkojo unakatika katika, amweleze daktari juu ya tezi dume. Kunyamaza si uanaume.

Pesa zitatoka wapi?

Kwanza, wewe ambaye hujastaafu. Tarehe ya kustaafu unaijua. Miezi sita kabla yake, soma karatasi za bima ya kazini uone imetenga nini kwa macho, meno na uchunguzi wa mwili. Watu wengi huacha sehemu hiyo bila kuigusa hadi kadi inakufa. Pimwa macho, tengeneza miwani, pima presha na sukari, na kama kuna mtoto wa jicho uulize juu ya upasuaji wakati kadi bado ina nguvu. Kisha omba ripoti zote kwa maandishi. Nambari za msukumo wa jicho za leo zitamsaidia sana daktari wa miaka mitano ijayo.

Kama miaka bado iko mbele yako, uliza mfuko wako wa pensheni kuhusu akiba ya matibabu baada ya kustaafu. Tangu mwisho wa 2024 sheria ya kodi inaruhusu mchango wa namna hiyo, hadi shilingi 15,000 kwa mwezi, utolewe kabla mshahara haujatozwa kodi.

Pili, wewe uliyestaafu. Kadi ya zamani ya NHIF haina kazi tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mambo ya bima ya serikali yako chini ya SHA. Kujiandikisha hakuna malipo. Unaweza kupiga *147# kwa simu au kwenda kituo cha afya na kitambulisho chako. Ukishaandikishwa, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA ni za bure, hata kama hujalipa mchango. Kwa hospitali kubwa ni lazima mchango uwe umelipwa. Mwenye mshahara alikuwa akikatwa asilimia 2.75. Mshahara ukikoma usifikiri makato yanaendelea, hakikisha mwenyewe. Asiye na mshahara huulizwa maswali juu ya hali ya nyumba yake ndipo apangiwe kiasi. Kiasi cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na hulipwa ya mwaka mzima. Ukipata marupurupu ya kustaafu, toa hiyo kwanza kabla ya kununua mabati.

Kabla ya kupimiwa miwani au kupangiwa upasuaji, uliza maswali mawili: SHA italipa kiasi gani hapa? Mimi nitatoa ngapi mfukoni? Uliza kabla, si baada.

Tatu, mahali pa kwenda. Anza karibu. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupima presha na sukari nyumbani kwako. Kwa macho, uliza hospitali ya kaunti. Pia kuna hospitali zinazojulikana kwa kazi hiyo, kama Kikuyu, Sabatia kule Vihiga, Tenwek kule Bomet, Kwale, na ile ya Lions iliyoko Loresho, Nairobi. Sikiliza pia matangazo baada ya Misa, maana madaktari wa macho huja mashinani mara kwa mara kupima watu.

Kazi ya familia na jumuiya

Wazee wengi hawaendi kupimwa, si kwa kukosa pesa peke yake. Hakuna wa kuwashika mkono kupanda gari. Wengine wanaogopa kisu na hawana wa kumwambia. Hapa ndipo jumuiya ndogo ndogo zina kazi. Kumwombea mzee aliyepofuka ni vizuri. Kumpeleka kliniki kabla hajapofuka ni sala yenye miguu.

Basi katika mkutano wenu wa wiki hii, mjadiliane haya:

1. Katika jumuiya yetu, ni wazee wangapi wamepita miaka 60, na ni nani hajawahi kupimwa macho?
2. Ni nani kati yao hajajiandikisha SHA, na ni kijana gani atamsaidia?
3. Siku ya kliniki ikitangazwa, nani atatoa gari, na nani atakaa na mzee hadi arudi nyumbani?

Andikeni majina, si maazimio tu. Mungu awabariki.