Mbwa mwitu anayejificha nyuma ya ng'ombe

Mfugaji wa Kombani ana sababu ya kuwahesabu ndama wake jioni: msitu wa Shimba hauko mbali, na chui wamo. Ukimwambia kwamba Ethiopia kuna bonde ambako ng'ombe na mbwa mwitu hushinda malisho mamoja, na mchungaji haokoti hata jiwe, ataona unamtilia chumvi.

Bonde lenyewe ni la mto Web, milima ya Bale, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Simsemi yule mbwa mwitu wa mabaka wa Tsavo. Huyu ni mwekundu, koo jeupe, miguu mirefu, na ni ndugu wa karibu wa mbwa mwitu wa Ulaya, ila chakula chake ni panya na mafuko. Kipenzi chake ni fuko mkubwa wa Bale, anayekaribia kilo moja na asiyepatikana kwingine duniani. Fuko huyo ni mwoga ajabu. Hutokeza nusu ya mwili, akakwanyua majani yaliyo karibu na shimo, kisha akarudi ndani kinyumenyume. Macho yake yako juu ya kichwa, na nyasi za kule ni fupi. Amnyemeleaye hana pa kujibanza. Basi mbwa mwitu hujichanganya na ng'ombe, akalifanya kundi pazia lake. Kwenye nyanda za Guassa wenzake hufanya vivyo hivyo kati ya nyani aina ya gelada, na huko hufaulu mara mbili katika kila tatu, badala ya mara moja katika nne.

Ng'ombe wakizidi, bila shaka, nyasi huisha na mafuko hupungua. Lakini balaa kubwa hufuata nyuma ya kundi: mbwa wa wachungaji, wengi bila chanjo. Kichaa cha mbwa kilipozuka mwaka 2003, takriban robo tatu ya mbwa mwitu wa bonde la Web walikufa. Jamaa hawa hulala pamoja na kila alfajiri huamkiana kwa kulambana midomo, kwa hiyo mmoja akiugua, ukoo mzima uko hatarini. Duniani wamebaki wakubwa 500 hivi.

Mbwa wa vijijini huchanjwa kwa sindano. Mbwa mwitu, tangu 2018, hutegewa usiku vipande vya nyama ya mbuzi vilivyofichwa chanjo ndani.