Taa ya Joto na Miguu Inayowaka Moto

Je, msomaji, nyumbani kwenu yuko mzee anayelalamika usiku kwamba nyayo zake zinawaka moto, ilhali ukizigusa ni baridi? Wengine husema ni kama siafu wanatembea chini ya ngozi. Hulaumiwa viatu, hulaumiwa baridi, na hata jirani hulaumiwa. Lakini mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu neva, na zile ndefu zaidi, zinazofika miguuni, ndizo huumia kwanza.

Mgonjwa kama huyo akienda kwa mtaalamu wa tibamaungo, awe Kitale au Bungoma, huenda akakuta taa ya infraredi. Watu wengi huiona kama muujiza wa kisasa. Kumbe miale yake ilitambuliwa zamani! Mwaka 1800 huko Uingereza, William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu ukagawanyika rangi. Akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni kitu, na joto likapanda. Ni joto la aina ile ile unaloota kando ya jiko la makaa.

Taa hiyo ina kazi yake. Ikipasha ngozi joto, mishipa ya damu hutanuka na misuli hulegea. Shingo ya dereva wa matatu, au mgongo wa mama aliyeshinda akipalilia mahindi kule Kiminini, hupata nafuu ya muda kwa dakika 15 au 20 chini yake, kisha mazoezi yafuate. Bila mazoezi, maumivu yatakungoja nyumbani.

Neva zilizoharibiwa na kisukari ni jambo jingine. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la watu 69 wenye kisukari waliopungukiwa na hisia miguuni. Kwa siku 90 walitumia kifaa cha miale hiyo nyumbani, dakika 40 kila siku. Baadhi walipewa kifaa halisi, wengine cha bandia, bila kujua nani ana kipi. Mwishowe hapakuwa na tofauti ya maana. Miaka miwili kabla yake, 2006, bima ya serikali ya wazee nchini humo ilikuwa imekataa kulipia tiba hiyo kwa neva za kisukari.

Kuna hatari pia. Mguu uliokufa ganzi hauwezi kumwambia mwenyewe kwamba unaungua. Kitale ni juu, karibu mita 1,900, na baridi ya jioni huwafanya wazee wasogeze miguu kwenye jiko. Mwenye ganzi huamka asubuhi na malengelenge asiyojua yalikotoka, na kidonda cha kisukari kinaweza kuishia kukatwa mguu. Taa hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana mtaalamu mwangalifu hukugusisha kwanza kitu cha moto na cha baridi, ukiwa umefumba macho, kabla ya kuiwasha. Asipofanya hivyo, muulize. Muulize na leseni, kwa sababu tangu sheria ya mwaka 2014 kazi hii ina baraza lake la kuwasajili wataalamu nchini.

Kwa miguu inayowaka, anzeni na kipimo cha sukari katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma, au kituo cha afya kilicho karibu. Daktari anaweza kuandika dawa za kutuliza neva, kama amitriptilini. Msizinunue kwa kubahatisha dukani.

Leo hii, mwanafunzi aliye nyumbani anaweza kumpima babu yake. Babu afumbe macho. Mguse polepole kwa ncha ya kidole, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza, kwenye kidole gumba cha mguu, kile cha katikati na kile kidogo, miguu yote miwili. Ni sehemu sita. Kila anapohisi aseme. Asipohisi mbili au zaidi, jiko na taa vikae mbali na miguu hiyo, na kesho apelekwe kliniki.