Mkopo wa nyumba: Kuziba ufa au kumaliza deni kwanza?

KUKOPA harusi, kulipa matanga, walinena wahenga. Huenda hakuna anayeielewa methali hii kuliko baba na mama waliochukua mkopo wa miaka kumi ili wajijengee nyumba. Siku pesa zinapoingia, nyumba nzima huwa ni vigelegele. Miezi michache baadaye mshahara unafika ukiwa tayari umekatwa, na kile kidogo kilichosalia kinangojewa na unga, maji, karo, nauli na bati lililong'olewa na upepo.

Isiolo ni mji unaozijua vyema shida hizi. Tangu makao makuu ya kaunti yaanze kazi mwaka 2013, na barabara ya lami kwenda Moyale kukamilika, walimu, wauguzi, askari na wafanyakazi wa kaunti wameendelea kujenga. Ukipita Bula Pesa, Kiwanjani, Kulamawe au Wabera utaona kuta za mawe zinazongoja paa, na paa zinazongoja dari. Nyingi kati ya nyumba hizo zina deni ndani yake.

Sasa, ikiwa mwezi umekwisha na Sh2,000 zimebaki, au mbuzi wameuzwa na Sh50,000 ziko mkononi, zipelekwe wapi? Zilipe deni haraka ili riba ipungue, au zitengeneze nyumba yenyewe?

Jibu fupi ni kwamba kulipa zaidi ya kiwango ulichopangiwa kuna faida kubwa, hasa miaka ya mwanzo. Lakini faida hiyo huyeyuka yote iwapo familia itarudi kukopa kwingine kwa sababu ya paa linalovuja.

Jua kwanza mkopo wako

Rehani ya benki bado ni jambo la wachache humu nchini. Kufikia mwisho wa mwaka 2023, Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya rehani ipatayo 30,000 tu. Benki hutaka hati ya kumiliki ardhi, na mjini Isiolo wengi wenye ploti wameshikilia barua za kugawiwa kiwanja, si hati. Hivyo aghalabu nyumba hujengwa kwa mkopo wa sacco wenye wadhamini, au mkopo wa benki unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara.

Mikopo hii haifanani. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni linalopungua. Mfuko wa nyumba wa watumishi wa serikali kuu, ulioanzishwa mwaka 2004, umekuwa ukitoza asilimia 5 kwa mwaka. Kuna pia wakopeshaji wanaokokotoa riba juu ya pesa zote ulizochukua tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, hata baada ya kulipa nusu. Kwa mkopo wa aina hiyo, kulipa mapema huenda kusikupunguzie chochote. Uliza swali hili kabla ya kutoa hata senti moja ya ziada: Je, nikilipa zaidi, riba ya mwezi ujao itapungua?

Kwa familia za Kiislamu zinazoepuka riba, benki zinazofuata sheria ya Kiislamu, ambazo zilianza kazi Kenya mwaka 2008, hutumia ushirika unaopungua. Benki na mteja hununua nyumba pamoja. Kisha mteja hulipa kodi kwa fungu la benki huku akilinunua kidogo kidogo. Hapa pia, mkataba ukiruhusu, anayenunua mafungu mapema hupunguza kodi anayolipa.

Hesabu yenyewe

Hebu tuchukue mfano. Mume ni mwalimu na mke ni muuguzi. Wamekopa Sh1,500,000 kwa asilimia 12 kwa mwaka, deni linalopungua, kwa miaka kumi. Kila mwezi watalipa Sh21,520 hivi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni Sh15,000, na deni lenyewe linapungua kwa takriban Sh6,520 tu.

Mwaka wa kwanza ukiisha, watakuwa wamelipa kama Sh258,000, lakini deni limeshuka kwa Sh83,000 tu. Hapo ndipo wengi hushika kichwa na kudhani wameibiwa. La hasha, hawajaibiwa. Riba hufuata ukubwa wa deni, na mwanzoni deni ni kubwa.

Wakiendelea hivyo miaka yote kumi, riba itafika Sh1,080,000 hivi. Lakini wakiongeza Sh2,000 kila mwezi tangu mwezi wa kwanza, watamaliza takriban mwaka mmoja na nusu mapema na kuokoa riba ya karibu Sh180,000.

Sasa tazama zile Sh50,000 za mbuzi. Wakizilipa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na kuendelea na malipo yao ya kawaida, wataepuka riba ya zaidi ya Sh90,000. Wakizilipa mwishoni mwa mwaka wa saba, wataokoa kama Sh20,000 tu. Pesa ni zile zile. Kilichobadilika ni wakati.

Nyumba nayo inadai

Hata hivyo, mkopeshaji si mdai wa pekee. Nyumba nayo ina madai yake, na haitoi notisi. Katika Isiolo upepo hulegeza misumari ya mabati, mchwa hula mbao za paa na fremu za milango, na vumbi hujaza mifereji ya paa. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba, na mara nyingine haiji kabisa. Baada ya misimu mitano mfululizo ya ukame kati ya mwaka 2020 na 2022, mvua za El Niño zilifika mwishoni mwa mwaka 2023 na kuleta mafuriko. Paa ambalo halikujaribiwa kwa muda mrefu lilijulikana siku hiyo kama ni zima au ni bovu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Msumari uliolegea ni kazi ya saa moja kwa fundi. Ukiachwa, maji huingia, mbao huoza, dari huanguka, na kazi ya shilingi mia chache huwa ya makumi ya maelfu.

Tuseme familia yetu imepeleka kila shilingi ya ziada kwenye mkopo, kisha paa likang'oka na fundi akataka Sh30,000. Pesa zile hazirudi. Wakikopa kwa simu kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi, watalipa Sh2,250 kwa mwezi mmoja. Na Sh30,000 zile zile walizopeleka kwenye mkopo wa nyumba zinawaokolea Sh300 tu kwa mwezi huo. Wamekimbia deni la bei nafuu wakaangukia la bei ghali.

Kuna hatari nyingine ambayo wakopaji wengi hawaijui. Kulipa zaidi mwaka huu hakukupi ruhusa ya kukosa kulipa mwaka ujao. Mshahara wa kaunti ukichelewa na usipolipa, mkopeshaji aweza kukuhesabu kuwa umeshindwa, hata kama jana ulilipa ziada, ila mkataba wenu useme vingine. Ikiwa ardhi imewekwa rehani, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mkopeshaji akupe notisi ya siku 90 ulipe malimbikizo kabla hajachukua hatua zaidi. Siku 90 ni chache kwa mtu asiye na akiba.

Mpango wa mwezi

Turudi kwa mwalimu na muuguzi. Tuseme mishahara yao, baada ya makato ya serikali, ni Sh75,000. Ondoa mkopo, zinabaki Sh53,480. Chakula na gesi ni Sh20,000; karo inayotengwa kila mwezi, Sh10,000; maji na umeme, Sh4,500; nauli na simu, Sh5,000; masurufu ya wazazi nyumbani, Sh5,000. Jumla ni Sh44,500. Zimebaki Sh8,980.

Kutoka hapo, fungu la kwanza liwe la ukarabati. Njia rahisi ni kumwita fundi mwaminifu azunguke nyumba nzima, kisha muandike orodha ya yale yatakayohitajika kwa miaka miwili: mabati, mifereji, dawa ya mchwa, rangi, tangi la maji, shimo la choo. Orodha ikifika Sh84,000, gawanya kwa miezi 24. Ni Sh3,500 kwa mwezi. Kazi za paa zifanywe Februari na Septemba, kabla ya mvua, kwa kuwa mvua ikishaanza fundi hutafutwa na kila mtu.

Zinabaki Sh5,480. Hapo weka Sh5,000 kila mwezi kama akiba ya dharura hadi ifike angalau malipo ya mwezi mmoja wa mkopo. Kazi hiyo ni ya miezi mitano. Baada ya hapo gawanya: Sh3,000 ziendelee kujaza akiba hadi itoshe malipo ya miezi mitatu, na Sh2,000 ziende kupunguza deni. Akiba hii ikae mahali pa kuchukulika upesi. Usitegemee amana za sacco zinazodhamini mkopo wako, maana hizo hazitolewi ovyo.

Na ikiwa kuna madeni mengine, kama ya simu, dukani au ya duka la vifaa vya ujenzi, yamalizwe kabla ya kuongeza chochote kwenye mkopo wa nyumba. Deni lenye riba kali zaidi ndilo la kwanza kulipwa.

Kulipa zaidi bila kuumia

Njia isiyouma sana ni kungoja riba ishuke. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha kiwango chake cha msingi hadi asilimia 13. Kuanzia Agosti mwaka huo ikaanza kukishusha, na kufikia Agosti 2025 kilikuwa asilimia 9.5. Mkopo wako ukifuata mkondo huo na malipo ya mwezi yakapungua, endelea kulipa kiwango cha zamani. Hutahisi tofauti jikoni, lakini deni litahisi. Usisahau kwamba riba inayoshuka yaweza kupanda tena. Waliokuwa na mikopo mwaka 1993, wakati riba ya hawala za serikali ilipovuka asilimia 70, hawajasahau.

Unapopeleka pesa za ziada, andika barua useme wazi kwamba ni za kupunguza deni lenyewe na kwamba unataka muda ufupishwe. Usiposema, zaweza kuhesabiwa kuwa malipo ya mwezi ujao yaliyotangulia, na faida yote ikapungua. Soma pia mkataba uone kama kuna ada ya kulipa mapema. Dai risiti, na uitunze.

Wapo pia wasiopaswa kuharakisha. Anayelipa asilimia 5 kwenye mfuko wa watumishi wa serikali, huku sacco yake ikimpa zaidi ya hapo kwa amana zake, hana sababu ya kukimbia. Vile vile, tangu mwisho wa Disemba 2024 mfanyakazi anaweza kuondolewa riba ya hadi Sh360,000 kwa mwaka kwenye mapato yanayotozwa kodi. Awali ilikuwa Sh300,000. Si kila mkopo unaokubalika, hivyo muulize mkopeshaji. Ukikubaliwa, na mshahara wako uko katika daraja la asilimia 30, mkopo wa asilimia 12 unakugharimu kama asilimia 8.4.

Mume na mke mezani

Sheria hiyo ya Ardhi inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Basi ikiwa wawili walitia sahihi, wawili pia waketi na kupanga namna ya kulipa. Nyumba nyingi huharibika kwa sababu baba analipa deni kimya kimya huku mama akiona dari inavuja, au mama anaweka akiba kwenye chama huku baba akikopa kwa simu. Kila mmoja anadhani anaokoa.

Watoto nao wasifichwe. Mwanafunzi wa sekondari anafundishwa hesabu ya riba. Mwisho wa mwaka, mwombeni mkopeshaji taarifa ya akaunti, mwiteni mtoto, mpeni kalamu na kikokotoo. Aanze na Sh1,500,000, aongeze asilimia 1, atoe Sh21,520, kisha arudie hivyo mara 12. Akipata jibu lisilolingana na taarifa ya mkopeshaji, Jumatatu asubuhi mna swali la kwenda kuuliza.