Mwanga wa Asubuhi na Nafsi Isiyotulia

Je, nyumbani kwenu yupo kijana ambaye asubuhi anampenda mtu kupita kiasi na jioni anamchukia? Anaogopa mno kuachwa, hasira zake huwaka ghafla, na pengine hujikata kwa wembe? Wengi husema ni jeuri, au amerogwa. Huenda ni ugonjwa.

Jina lake la kitaalamu lina maana ya "mpakani". Sio mpaka kama ule wa Rusumo au Kabanga tunaoujua hapa Ngara. Mwaka 1938, daktari Adolph Stern wa Marekani aliwaona wagonjwa hawa kama watu waliosimama kati ya aina mbili za magonjwa ya akili zilizojulikana wakati ule.

Wengi wao hulala vibaya. Mtu hukesha hadi saa 8 usiku, huamka saa 4 asubuhi, na kesho yake ratiba hubadilika tena. Asiyelala vizuri hushindwa kuzuia hasira na huzuni, na hisia kali nazo humnyima usingizi. Hivyo moja huzidisha jingine.

Ndani ya ubongo imo saa ya mwili. Kwa watu wengi saa hii huchelewa kidogo kila siku, na mwanga wa asubuhi huirekebisha. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayoandaa usingizi. Mwanga mkali usiku huizuia.

Katika nchi zenye majira ya baridi yenye giza, madaktari hutumia taa maalumu ya luksi 10,000, kwa kawaida nusu saa kila asubuhi. Mwaka 2013, watafiti wa Basel, Uswisi, walichapisha jaribio la taa hizo kwa wanawake wachache wenye ugonjwa huu. Ni mwanzo tu, wala si uthibitisho kwamba mwanga unauponya.

Sisi tunaoishi karibu na Ikweta hatuna haja ya kununua taa. Ngara na Biharamulo jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kutua karibu saa 1 jioni, mwaka mzima. Hata kukiwa na mawingu, uwanjani kuna mwanga mwingi kuliko chumbani.

Familia ifanye hivi:

1. Mgonjwa aamke saa ile ile kila siku, hata akikesha.
2. Atoke nje nusu saa: afagie uwanja, achote maji au apalilie migomba. Asilitazame jua lenyewe.
3. Jioni asinywe kahawa wala kuitafuna, na pombe aiache.
4. Simu na runinga zizimwe saa moja kabla ya kulala.

Mwanga ni msaada tu. Tiba kuu ni mazungumzo ya mara kwa mara na mtaalamu, kama yale yaliyobuniwa na Marsha Linehan wa Marekani, na wengi hupata nafuu kubwa. Anzeni zahanati au hospitali ya wilaya. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ina idara ya magonjwa ya akili.

Akisema anataka kufa, msimcheke wala msimwache peake. Fungieni dawa za mifugo na za mashamba, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mficha maradhi, kilio humfichua.