Kidudu cha Maji ya Moto

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo.

Paliondokea kidudu kidogo mno. Hukioni kwa macho. Kwao ni Marekani, kwenye chemchemi za Yellowstone, ambako maji hutoka ardhini yakifuka mvuke. Ukitia kidole, unakitoa kimebabuka. Lakini kidudu chetu kinakaa humohumo, raha mustarehe! Mwaka 1969 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walikitangaza duniani kwa jina la Thermus aquaticus. Jina refu kuliko mwenyewe. Na kidudu hicho, usishangae, leo kinasaidia kifua cha mtoto mgonjwa!

"Sasa Mjomba, kidudu hicho na kifua cha mtoto wapi na wapi?"

Aa, umeuliza vizuri! Tega sikio.

Mtoto ameshikwa na nimonia. Vijifuko vya mapafu vilivyopaswa kujaa hewa vimejaa usaha na majimaji. Anahema mbiombio, mbavu zinabonyea kwa ndani. Nani amemvamia? Huenda ni virusi, na kwa virusi antibiotiki hazifui dafu. Huenda ni bakteria. Na bakteria nao, wapo wanaokufa kwa dawa hii, wapo waliokwisha kuwa sugu.

"Si waangalie kwa hadubini tu?"

Kichwa chako kinachemka, mwanangu! Hadubini huonyesha umbo. Usugu haiuonyeshi. Ndiyo maana maabara huotesha makohozi: huyapaka kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, huyaweka kwenye joto kama la mwili, kisha husubiri. Siku mbili. Pengine tatu. Mgonjwa mahututi hawezi kusubiri, basi daktari humpa dawa kali inayopiga huku na huku. Inaokoa maisha, ndiyo. Lakini dawa kali ikitumika pasipo haja, bakteria dhaifu hufa na wale sugu hubaki wakizaliana kwa nafasi.

Lakini ipo njia ya haraka zaidi: mashine ya vinasaba. Njoo jikoni nikuonyeshe. Pana sufuria kubwa ya wali wa harusi, na ndani yake imeanguka punje moja ya mchele mgeni. Utaipata lini? Hutaipata! Mashine yetu haipekui sufuria. Inaifanya punje ile iwe mbili. Mbili ziwe nne. Nne ziwe nane. Mizunguko kumi, punje 1,024. Mizunguko ishirini, zaidi ya milioni. Mizunguko thelathini, zaidi ya bilioni. Hata mpishi anayesinzia ataiona.

Punje yenyewe ni kipande cha kinasaba, uzi wa urithi ulio ndani ya kila kiumbe. Uzi huo ni nyuzi mbili zilizosokotana. Ukichemshwa hadi karibu nyuzijoto 95, nyuzi hizo mbili zinaachana. Ukipozwa, kimeng'enya hujenga upande uliokosekana, na kipande kimoja kimekuwa viwili. Wazo hili lilimjia Kary Mullis mwaka 1983, akiendesha gari usiku, na mwaka 1993 likampa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Ila palikuwa na kero: kila wanasayansi wakichemsha, kimeng'enya kiliharibika, wakalazimika kutia kingine.

Ndipo kidudu chetu kikasema: "Mimi nipo! Mimi nimezaliwa motoni. Chukueni kimeng'enya changu."

Wakakichukua. Wakachemsha, kikastahimili. Wakachemsha tena, kikastahimili.

Kwa njia hiyo ya kuzidisha vinasaba, mwaka 2018 Marekani iliruhusu kipimo cha nimonia ambacho, kwa muda wa kama saa moja, hutafuta aina 18 za bakteria, virusi kadhaa na jeni 7 za usugu, yaani vipande vya kinasaba vinavyoleta usugu. Mojawapo ya jeni hizo ni mecA, inayomwezesha bakteria aitwaye Staphylococcus aureus kudharau dawa nyingi za ukoo wa penisilini. Kwetu Afrika Mashariki vipimo vya aina hiyo bado ni ghali, lakini binamu yake tunaye: GeneXpert, ambayo kwa chini ya saa mbili husoma makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu na kusema kama rifampisini itamfaa.

"Mjomba, mashine ikimtaja bakteria, ndiye mkosaji?"

Hapo umenibana! Si lazima. Bakteria wa nimonia hukaa puani mwa watoto wengi wazima, kimya, bila kumdhuru mtu. Mashine husoma hata kinasaba cha bakteria aliyekwisha kufa. Tena ikikuta bakteria wawili na jeni moja ya usugu, mara nyingi haiwezi kusema jeni ni ya nani. Na jeni ambayo mashine haikufundishwa kuitafuta, haiioni kabisa.

Kwa hiyo muuguzi bado anahesabu pumzi kwa dakika nzima: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, anahema haraka mno. Daktari bado anasikiliza kifua. Na makohozi hugawanywa: kidogo mashineni, kidogo kisahanini. Mashine ikijibu leo, dawa inachaguliwa leo. Keshokutwa kisahani kikijibu, daktari anaangalia tena, na ikibidi anabadilisha dawa.