Barza na Bunduki: Fikra za Siasa za Ernest Wamba dia Wamba

Katika Kiswahili cha pwani, neno baraza hutaja kikalio cha mawe mbele ya nyumba, na vilevile mkutano wa watu wanaojadiliana. Huko Kivu umbo lake ni barza, nalo hutumika kwa ukumbi wa nje wa nyumba na kwa kikao cha wazee. Kikongo nacho kina mbongi, yaani mahali pa jumuiya pa kusemea na kuamulia mambo. Maneno haya yanatusaidia kuzielewa fikra za Ernest Wamba dia Wamba (1942-2020), mwanafalsafa wa Kongo ya Chini aliyeanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1980.

Msingi wa hoja yake ni kwamba watu wote hufikiri; kwa hiyo siasa haiwezi kuwa milki ya dola wala ya wasomi. Katika makala ya mwaka 1985 alichunguza majadiliano ya jumuiya kama njia ya kutatua migongano: kila mtu ana haki ya kusema, kosa hutajwa hadharani, na jumuiya hujirekebisha kwa maneno. Kutokana na msimamo huo, wimbi la vyama vingi lilipoanza mwaka 1990, alionya kuwa mfumo huo waweza kuwa mashindano ya wakubwa tu ya kuitwaa dola.

Hata hivyo, mnamo Agosti 1998, mjini Goma, mwanafalsafa huyo alifanywa kiongozi wa RCD, harakati ya kijeshi iliyotegemea majeshi ya Rwanda na Uganda. Mwezi Mei 1999 wenzake walimwondoa, naye akabaki Kisangani na kundi lake. Mwezi Agosti mwaka huo majeshi ya nchi hizo mbili yakapigana mjini humo.

Je, tukio hilo linabatilisha nadharia yake? La hasha. Penye bunduki, uzito wa neno hutegemea silaha za msemaji, na asiye na silaha hunyamaza. Hapo barza imekwisha kuvunjika. Kwa kipimo hicho alichokiunda mwenyewe, Goma inamhukumu Wamba na kuithibitisha hoja yake. Swali analowaachia wanafunzi wa falsafa ya siasa ni zito: barza italindwaje na watu wasio na silaha?